Kumpisha Mkwe Njia

Nabintu alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akafumba macho, akatoa shavu la kulia kama mtu aliyeambiwa na nesi kwamba sindano haitauma.

"Fumbua macho," Migdalia alimwambia. "Unabusiwa, huzikwi."

Nabintu aliyafumbua. Neno lile la mwisho lilimchoma mahali ambapo mwenzake hakuwa na habari napo. Alirekebisha kofia yake ya wavu na kuomba warudie tena.

Walikuwa katika chumba cha mapumziko cha kiwanda cha biskuti mjini Buffalo, mwishoni mwa Februari, theluji imefika usawa wa dirisha. Migdalia alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Puerto Rico, mnene, mcheshi, mkongwe wa mashine ya kufunga paketi. Nabintu alikuwa Mshi wa Walungu, upande wa Bukavu nchini Kongo, aliyefika Marekani kwa njia ndefu ya kambi za wakimbizi. Walielewana kwa Kiingereza cha kiwandani, kile kilichovunjika kila kiungo lakini kinafika kinakotumwa. Wafanyakazi wengine walikuwa wameshazoea kuwaona wanawake hawa wakisogezeana mashavu juu ya vyombo vya chakula, na hakuna aliyeuliza tena.

Sababu ya mafunzo hayo ilikuwa Gloire, mtoto wa pekee wa Nabintu, aliyekuwa akisoma chuo kikuu mjini Columbus. Huko Columbus Gloire alikuwa amempata mchumba, Efraín, kijana mpole aliyezaliwa kisiwa kilekile cha Migdalia. Mama yake Efraín, Iraida, alikuwa amewaalika wazazi wa msichana kwenye hoteli moja ya ufukweni huko kwao wakati wa Pasaka, ili watu wajuane kabla ya harusi. Kisiwa kile ni Amerika vilevile, pasipoti haihitajiki. Kinachohitajika, Migdalia alisema, ni adabu, na adabu haitolewi uwanja wa ndege.

Basi akamfundisha. Ukiingia kwenye lifti na watu wamo, huwezi kusimama kimya kama mzigo, unawaamkia wote hata kama huwajui. Ukipita mezani pa wanaokula, uwatakie heri: *buen provecho*. Ukitaka kitu kwa mhudumu, kwanza muulize ameamkaje, kwani yeye naye ana mama. Ukumbini pa chakula usiingie na nguo ya kuogelea, hata ukiona Wamarekani wanaingia nayo. Sema Kihispania chako kibovu bila haya, wenyewe watakibeba. Nabintu alicheka, maana mengi ya hayo ndiyo aliyolelewa nayo. Aligundua hata kwamba Migdalia akitaka kumwonyesha mtu hanyoshi kidole bali huchongoa midomo, sawasawa na shangazi zake yeye kule Walungu. Siku ile aliamini kwamba watu wa kisiwa kile na Washi waligawana ukoo mahali fulani.

Jambo moja lilimpendeza kuliko yote. Kwao, Migdalia alieleza, mtoto haingii wala hatoki bila kuomba baraka. *Bendición*, anasema, na mkubwa anamjibu: *Dios te bendiga*, Mungu akubariki. "Mimi nina wajukuu," Migdalia alisema, "na bado nampigia mama yangu simu kuomba baraka kabla sijaja kazini. Nisipoipata, naona siku nzima niko uchi." Nabintu alilirudia jibu lile mpaka likamkaa mdomoni, kwa sababu tu lilikuwa tamu.

Lakini busu lilikataa. Kule kisiwani, mwanamume na mwanamke wakikutana hugusanisha mashavu, na mkwe humbusu mama mkwe pasipo mtu kugeuza shingo. Kwa Washi alikozaliwa Nabintu, mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawali mmoja mbele ya mwingine. Wakikutana njiani, mmoja huiacha njia, akaingia shambani na kugeuza uso mpaka mwenzake apite, na hakuna anayekasirika, kwa maana kupishana huko ndiko kuheshimiana kwenyewe. Mama yake Nabintu alikuwa bingwa wa jambo hilo. Akisikia kikohozi cha mkwewe mbali, tayari yuko kwenye migomba nyuma ya nyumba, kitenge usoni.

Naye Nabintu, katika Buffalo ya theluji, alikuwa ameshafanya vilevile. Efraín alipotokea ghafla kwenye simu ya video, begani kwa Gloire, akipunga mkono, Nabintu alijifunika kitenge uso wote na kuilaza simu kifudifudi juu ya meza. Hakujua kwamba upande wa pili Iraida naye alikuwepo, anatazama.

"Mama, ulijifunika," Gloire alimwambia baadaye kwa simu, sauti imekwaruza. "Mama ya Efraín aliona. Alimuuliza mutoto yake: ule mama hakutaki? Na Efraín, bon, aliniambia kama mama yako ananikimbia, mi siwezi kumuibia mutoto yake. Unasikia, mama? Tukifika kule ukijificha tena, itakuwa imekwisha."

"Minasikia, mama yangu. Nitajifunza."

Ndiyo sababu kila siku, biskuti zikiwa zimesimama kwa mapumziko, alikuwa akitoa shavu.

*

Walikutana Columbus, katika chumba alichopanga Gloire karibu na chuo, mtaa wa wanafunzi wenye baiskeli zilizofungwa kwenye kila uzio. Nabintu alifika kwa basi. Kaka yake mkubwa, Byamungu, aliendesha gari kutoka Louisville, ambako alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la vifurushi, akaingia ameinua suti yake ndani ya mfuko wa nailoni asije akaikunja. Tangu babake Gloire alipofariki, Byamungu ndiye aliyesimama mahali pa baba, na hakuwa mtu wa kusimama nusu. Efraín alikuwa ametangulia kwao kumsaidia mama yake kupokea wageni.

Gloire aliwakalisha kitandani, akawapitisha tena katika yote: lifti, mezani, mhudumu. Byamungu alikubali kila kitu, akakariri *buenos días* kwa sauti ya mhubiri. Ilipofika zamu ya busu, alisimama.

"Salamu, sina shida. Lakini mama mukwe na mukwe kubusiana? Hapana. Tulikimbia na watoto na sufuria, na haya tulikimbia nayo pia. Haikubakia kule."

Gloire alimjibu kwa Kiingereza, kama afanyavyo akikasirika, kwamba haya hiyo anayoisema ndiyo itakayomvunjia ndoa. Halafu akamrudia mjomba wake kwa Kiswahili, polepole. "Tonton, kwabo, ukimukatalia mutu shavu, umemukatalia nyumba."

"Na kwetu, ukimugusa mukwe, umemudharau mbele ya batu."

Wote wawili wakamgeukia Nabintu. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Alimpenda kaka yake, na maneno yake yote aliyajua kuwa ya kweli. Lakini alimtazama binti yake, aliyekonda kwa mitihani na wasiwasi, akaona kwamba uso ule una mtu mmoja tu wa kumtegemea.

"Nitafanya," alisema.

Byamungu alitundika suti yake nyuma ya mlango. "Bon," alisema hatimaye. "Siku ile mi nitaangalia bahari."

*

Hoteli ilikuwa na ukumbi usio na ukuta upande wa baharini, na kutoka langoni hadi ukumbini palikuwa na njia nyembamba ya mawe, pande zote mbili maua mekundu yamepandwa kwa kubanana. Iraida aliwangoja mwisho wa njia, mwanamke mrefu mwenye gauni la manjano na macho ya mwalimu. Nabintu alimwendea moja kwa moja. *Buenas tardes*, alisema, akatoa shavu la kulia, macho wazi, na busu likapita bila ajali. Iraida aliachia tabasamu la kushangaa. Akamuuliza kama amechoka na safari, na Nabintu, kabla ya kujibu lake, akamuuliza yeye kwanza habari za nyumbani, kwa Kihispania kibovu ambacho Iraida alikibeba kama ilivyoahidiwa. Gloire nyuma yao alianza kupumua.

Ndipo Efraín akatokea kwenye njia ile ya mawe, shati limepigwa pasi, mikono ameifungua, anacheka.

Nabintu aliazimia kusimama. Naapa kwamba aliazimia. Lakini miguu ililelewa na mama yake kabla haijakutana na Migdalia, na miguu haikuuliza. Kabla hajajua anachofanya alikuwa ameiacha njia, amezama katikati ya maua mekundu, kitenge usoni, mgongo kwa mkwewe. Byamungu aliangalia bahari. Efraín alishusha mikono yake polepole, mmoja baada ya mwingine.

Chakula cha jioni kilikuwa kibaya zaidi, ingawa wali ulipikwa na mbaazi na ulinukia nyumbani. Nabintu alipita kati ya meza akiwatakia wageni wote *buen provecho*, na wahudumu walikuwa wameshampenda. Kisha akakaa, Efraín akiwa mbele yake, na mkono ukakataa kuinua kijiko. Alijaribu. Alishusha. Alisema ameshiba, naye alikuwa hajala tangu asubuhi.

Iraida alimuuliza mwanawe jambo kwa sauti ya chini, na Gloire, ambaye Kihispania chake kilitosha kwa hilo, alikunja uso. Iraida aliuliza kama chakula chao hakiliki kwa watu hawa, au ni wao wenyewe wasiotakikana. Halafu akaweka uma wake chini, akaufunika kwa kitambaa. Efraín aliomba radhi, akaondoka mezani.

Chumbani Gloire hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda akavua viatu, na machozi yakamdondokea kwenye vidole vya miguu. Hilo Nabintu hakuliweza. Angeweza kuvumilia kufokewa.

"Sikufanya ju ya haya tu," alisema. "Sikiliza. Baba yako, koko yako, mama yangu, alimupenda sana. Alikuwa anamupikia, anamutumia chakula na mutoto, yeye anabakia mu migomba. Miaka yote hakumugusa hata kidole. Ile siku banamuleta baba yako amekufa, koko aliingia mu nyumba. Alitoa kitenge kwa kichwa mbele ya batu yote. Akamushika uso na mikono mbili, akamubusu hapa." Aligusa shavu lake la kulia. "Mi nilikuwa pale, wewe niko nakunyonyesha. Donc Migdalia akinifundisha, mi naona ile shavu. Niko naogopa, Gloire. Naogopa nikimugusa mutoto ya watu, nitakuwa namuaga."

Gloire hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alivaa viatu bila kufunga kamba, akamshika mama yake bega, akatoka. Nabintu alibaki akisikiliza nyayo zikififia kwenye varanda, akaamini kwamba amekwisha kumpoteza.

Aliomba, kama alivyozoea, kwa sauti. Alimwomba Mungu asimlipize Gloire kwa miguu ya mama yake. Katikati ya maombi mawazo yakamrudisha kule Walungu, kwenye ile nyumba iliyojaa watu, na akamwona mama yake akiinama. Miaka yote aliitazama picha hiyo kwa hofu. Sasa, kwa mara ya kwanza, alimwonea yule mzee huruma, si kwa sababu alimgusa mkwewe bali kwa sababu alichelewa. Mikono ile ilikuwa na upendo tangu siku ya posa, ukakaa humo kwenye migomba mpaka ukakutana na shavu lisilojua kitu. Nabintu alilia, kisha akanawa uso, akalala usingizi mzito asioutarajia.

*

Asubuhi alijitazama kwenye kioo, akavua kitenge kichwani na kukifunga kiunoni. Alitoka peke yake kwenda kwenye kifungua kinywa, kwa njia ileile ya mawe. Bahari ilikuwa inang'aa na hakuwa na nafasi ya kuitazama, kwa maana upande wa pili wa njia Efraín alikuwa anakuja, taulo la hoteli begani.

Nabintu alisimama. Miguu ilitaka kuingia mauani, lakini safari hii aliiambia ikae, ikakaa. Alishusha pumzi, akatoa shavu la kulia. Alijikuta amefumba macho, akakumbuka alivyokemewa kiwandani, akayafumbua.

Hapakuwa na mtu njiani.

Majani yalichakarika. Alitazama kushoto, akaona maua mekundu yaliyolala tangu jana, na katikati yake, palepale alipokuwa amesimama yeye, Efraín amempa mgongo, kichwa ameinamisha, taulo jeupe la hoteli limemfunika uso mpaka kidevuni. Alikuwa amempisha njia.

"Kabisa!" ilisikika sauti ya Byamungu kutoka varandani, alikokuwa amesimama na Gloire, vikombe vya kahawa mkononi. "Ule ndiye mukwe! Jana usiku Gloire alimuleta kwangu, nilimufundisha mi mwenyewe. Alifanya mazoezi mpaka nikachoka!"

Nabintu alitazama taulo lile, akaligusa shavu lake lililobaki hewani halina mwenyewe, akacheka. Alicheka mpaka akashika magoti, mpaka machozi yakamtoka, kicheko ambacho Gloire hakuwa amekisikia tangu waondoke kambini. Taulo nalo likaanza kutikisika. Iraida alitoka ukumbini kuona kuna nini, akamkuta mwanawe amesimama bustanini kama nguo iliyoanikwa, akauliza kwa Kihispania kama watu wote wamerukwa na akili. Gloire alimwendea, akamweleza taratibu, kuhusu njia, na migomba, na bibi mmoja wa Walungu, na shavu. Iraida alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulipanda wenyewe ukakaa kifuani.

Kutoka ndani ya taulo ilisikika sauti ya kijana, ndogo, ya mtu aliyekuwa anaogopa tangu zamani kuliko walivyodhani.

"*Bendición*."

Alimwomba Nabintu. Mama yake mzazi alikuwa pale, hatua chache tu, na hakumwomba yule. Nabintu alilijua jibu, alilijua tangu Buffalo, juu ya vyombo vya chakula na theluji dirishani. Halikuhitaji mkono wala shavu. Lilihitaji mkubwa na mtoto tu.

"*Dios te bendiga*," alisema. "Mungu akubariki, mutoto yangu. Sasa toka mu maua, utamalizia batu bustani."

Walikaa meza iliyo karibu na bahari. Iraida mwenyewe aliwaletea mkate wa moto na siagi, akauweka mbele ya Nabintu, akasema *buen provecho* polepole, huku anamtazama usoni, na wala hakungoja kuona kama ataula. Byamungu aligeuza kiti chake, akaangalia bahari. Efraín alimwona, akageuza chake vilevile, mgongo kwa mama mkwe, ili ale kwa amani.

Nabintu aliumega mkate. Ulikuwa mtamu kidogo, laini, na njaa ilikuwa nyingi. Alitafuna, akameza, akamega tena. Mbele yake palikuwa na shingo ya kijana iliyonyolewa vizuri kwa ajili ya wageni, na jani moja jekundu la ua limenata kwenye ukosi wa shati.

"Gloire," alisema. "Umwambie ageuke. Mukate iko mingi."

Gloire alifungua mdomo atafsiri. Kiti kilikuwa kimeshaanza kugeuka.